Farasi wa Mbao

Waingereza walianza kuwatia farasi wa mashindano katika senema mara tu senema ilipozaliwa. Mwaka 1895 Birt Acres aliupeleka mtambo wake Epsom, kusini ya London, akapiga picha za mbio ziitwazo Derby. Mwaka uliofuata R. W. Paul alizipiga tena, siku ile aliposhinda Persimmon, farasi wa yule mwana wa malkia aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba. Usiku wa siku ya pili picha hiyo ilionyeshwa mjini London, na watu waliokwisha kuujua ushindi wakaushangilia upya kana kwamba matokeo yangaliweza kubadilika.

Tangu wakati huo picha za mbio za farasi zimekuwa na desturi zake. Hapana budi yawepo majani mabichi ya uwanja, kofia ndefu za mabwana, makelele ya wapokea madau, na farasi mmoja asiyetumainiwa ambaye hutoka nyuma akawapita wenzake hatua chache kabla ya mwisho. Derby Day ya mwaka 1952 iliwakusanya Epsom watu wa kila daraja kwa siku moja, na The Rainbow Jacket ya mwaka 1954 ilimsimulia mpanda farasi aliyefungiwa mashindano kwa udanganyifu, naye akamfundisha mtoto kazi aliyonyang'anywa mwenyewe. Picha hizo zina uzuri wake, na mtazamaji hutoka humo na furaha.

Walakini iko picha moja ya jamaa hiyo ambayo mtazamaji hatoki humo na furaha. Ilitengenezwa mwaka 1949, ikaitwa The Rocking Horse Winner. Farasi wake mkuu hana damu wala mapafu. Ni farasi wa mbao, mchezo wa mtoto, amesimamishwa juu ya miti miwili ya kupembea katika chumba cha watoto; na ingawa hupigwa mjeledi na kuchochewa kwa visigino kuliko farasi yeyote wa Epsom, hasogei hata shubiri moja kutoka pale alipowekwa. Farasi wa kweli, wale wanaokimbia katika majani, humo ni habari tu: majina gazetini, sauti katika redio, hesabu katika daftari.

Kisa chenyewe kilitungwa na D. H. Lawrence mwaka 1926, nacho ni kifupi, mtu aweza kukisoma kikombe cha chai kisijapoa. Mtoto Paul anaishi na wazazi wake na dada zake katika nyumba nzuri yenye bustani na watumishi. Haikosi kitu nyumba hiyo, ila fedha hazitoshi kulipia kila kilichomo. Mama, jina lake Hester, amezoea maisha ya juu; baba ana heshima nyingi na pato dogo. Kwa sababu hiyo nyumba inanong'ona. Kuta, ngazi, wanasesere, na hata yule farasi wa mbao aliyeletwa kwa sikukuu ya Krismasi, vyote vinasema pasipo kinywa kwamba fedha zaidi zinatakiwa. Watoto wanausikia mnong'ono huo wakatazamana machoni kuulizana kama wenzao nao wameusikia. Paul anajitwika kazi ya kuunyamazisha. Anagundua ya kuwa akimpanda farasi wa mbao kwa nguvu na kwa muda mrefu, hufika mahali fulani rohoni ambapo jina la farasi atakayeshinda hujulishwa kwake. Anaweka dau, anapata, anaweka tena. Mwishowe, katika usiku wa kulitafuta jina la mshindi wa Derby, anaanguka kutoka kwa farasi wake ameshikwa na homa ya ubongo. Jina amelipata, Malabar, na Malabar anashinda. Mtoto anakufa.

Mwandishi aliyetengeneza na kuiongoza picha hiyo ni Anthony Pelissier. Mwenye kuigharimia kazi na kuisimamia ni John Mills, mchezaji mashuhuri wa siku hizo, ambaye angaliweza kujichagulia sehemu ya bwana yeyote, naye akachagua sehemu ya mtumishi. Jambo hilo litarudiwa mbele, maana si dogo.

Mtu wa Kiswahili akitaka kukieleza kisa hiki kwa lugha yake hukwama mapema sana, katika mazungumzo ya mwanzo kati ya mama na mwanawe. Mtoto anauliza kwa nini wao hawana gari lao wenyewe. Mama anajibu kwamba baba yake hana bahati. Hapo mtoto anachanganya maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana kwa sauti, moja la bahati na moja la kale lenye maana ya fedha za aibu, ambalo Waingereza walilizoea kutoka katika tafsiri yao ya nyaraka za Mtume Paulo. Alimsikia mjomba wake akilitaja hilo la pili, yeye akalisikia kuwa la kwanza. Tangu hapo bahati na fedha katika moyo wa mtoto ni kitu kimoja. Mama anajaribu kumsahihisha, lakini masahihisho yake ni mabaya kuliko kosa: anasema kwamba bahati ndiyo inayoleta fedha, na kwamba mwenye bahati hata akizipoteza atazipata tena, bali tajiri asiye na bahati aweza kufilisika.

Mfasiri atafanya nini? Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lilikuja na mzigo wake. Bahati ilitoka kwa Waajemi. Nasibu ni ya Waarabu, na asili yake ni fungu, sehemu ambayo mtu amegawiwa. Sudi pia ni ya Waarabu. Iko ngekewa, na upande wa pili wako mkosi, nuhusi na kisirani. Juu ya yote iko riziki, ambayo ndani yake mna chakula, fedha, kazi, mtoto, hata mvua, na ambayo hapana mtu aitajaye bila ya kumkumbuka Mpaji wake. Mswahili akisema kwamba fulani hana riziki kwa jambo fulani, hakumlaumu yule mtu. Amesema tu kwamba halikuandikwa. Hester asemapo kwamba mumewe hana bahati, amemlaumu, na tena mbele ya mtoto. Tofauti ya lugha hapo ni tofauti ya nyumba mbili. Katika nyumba ya riziki kupungukiwa ni huzuni. Katika nyumba ya Hester kupungukiwa ni kosa, na kosa lazima liwe na mkosaji. Mtoto akiisha kuelewa hivyo, hana njia ila kutafuta namna ya kuwa mtu asiye mkosaji. Anamwambia mama yake kwamba yeye ana bahati, na kwamba ameambiwa hivyo na Mungu. Mama hamwamini. Basi mtoto anakwenda kutafuta ushahidi.

Wajuao maisha ya Lawrence hawashangai kwamba alizisikia sauti za nyumba kama hiyo. Alikuwa mtoto wa mchimba makaa wa Eastwood, na mama yake alitamani maisha yaliyo mbali na shimo la makaa. Nyumba ile ilikuwa ya kimaskini na nyumba ya Hester ni ya kitajiri, lakini mwana aliyesimama kati ya mama asiyeridhika na baba aliyedharauliwa ni yule yule. Lawrence alikufa mwaka 1930, hakuiona picha.

Lawrence aliandika habari ya miaka ya 1920, lakini waliokaa gizani kuitazama picha mwaka 1949 walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minne, na bado nyama na siagi na sukari zilitolewa kwa mgao. Mgao wa nguo, ulioanza mwaka 1941, ulikuwa umeondolewa mwezi wa Machi mwaka huo huo wa 1949. Peremende ziliachiwa huru mwezi wa Aprili, watoto wakazimaliza madukani, zikarudishwa katika mgao mwezi wa Agosti. Mwezi wa Septemba thamani ya pauni ikapunguzwa. Taifa zima, kwa hiyo, lilikuwa nyumba inayonong'ona. Mbele ya watu hao Valerie Hobson, mzuri, mrefu, amevaa magauni ambayo mwanamke wa kawaida asingaliyapata kwa kuponi za miaka miwili, anacheza sehemu ya mwanamke anayelia kwamba hana kitu. Ni uhodari wake kwamba hachukizi. Angaliweza kumfanya Hester kuwa shetani, na watazamaji wangaliridhika. Badala yake amemfanya kuwa mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba kuishi ni kuonekana, na asiyejua njia nyingine.

Picha imeongeza mambo ambayo hayamo katika hadithi, na mengine ni marefu kuliko haja. Baba anacheza karata kwa fedha asizo nazo, na mjomba anachoka kumlipia. Sehemu hizo zingaliweza kukatwa pasi na mtu kuzililia. Lakini moja ya nyongeza hizo inastahili kukumbukwa. Wadai wamekuja na mtu wa mahakama ameingia nyumbani kukamata mali. Hester anachukua nguo zake na kwenda nazo katika mtaa wa watu duni, kwa mfanyi biashara wa nguo kuukuu, akaziuze apate cha kumwondoa yule mtu mlangoni. Hapo, kwa mara ya kwanza, anasimama mbele ya mtu anayeijua bei halisi ya kitu, wala hajali kilinunuliwa kwa kiasi gani. Anajaribu ukuu wake, haumfai. Anashikilia nguo, anaiachia, anahesabu. Yeyote aliyewahi kupeleka kitu chake dukani kukiuza siku ya shida ataijua ile namna ya kuzungumza upesi upesi, kana kwamba ni mzaha. Katika dakika hizo chache mtazamaji anampenda Hester. Halafu fedha za mtoto zinakuja, naye anasahau yote.

Maana fedha zinakuja kweli. Hesabu yake katika hadithi ya Lawrence ni hii. Shilingi tano za kwanza, alizokopeshwa na mtumishi, zilipotea. Shilingi kumi alizopewa na mjomba ndizo zilizofungua mlango. Farasi mmoja aitwaye Lively Spark alishinda kwa kumi kwa moja, na mtoto aliyeweka pauni elfu akajipatia pauni elfu kumi. Katika hizo alitoa elfu tano, akazipitisha kwa mjomba na wakili wa jamaa ili mama apewe elfu moja kila siku yake ya kuzaliwa kwa miaka mitano, asijue zatoka wapi. Mtoto aliketi akamtazama mama yake akiifungua barua siku ya kwanza. Hakuona furaha. Uso wake uligeuka baridi, na mara akaondoka kwenda kumwona wakili ili apewe zote kwa pamoja kwa ajili ya madeni yake. Akapewa. Yakaja mapambo mapya, na maua wakati wa baridi, na mwalimu wa nyumbani. Na mnong'ono wa nyumba, ambao mtoto alidhani atauzima, ukageuka kuwa kelele.

Hilo ndilo jambo ambalo Lawrence alilijua na wahubiri wengi wa kuipinga kamari hawakulijua. Hao husema kwamba kamari ni mbaya kwa sababu mchezaji hushindwa. Paul hashindwi. Anashinda, na tena anashinda kwa wingi. Na kila ushindi unaongeza haja iliyomfanya acheze. Angalishindwa mapema, angalilala mapema, naye angalipona.

Wako wanaosema kwamba kisa hiki ni hukumu juu ya mama. Wana haki kwa sehemu, maana chanzo ni maneno yake. Lakini mama hakuujua mchezo wa mwanawe, hakuambiwa. Waliojua ni wanaume wawili, na ni juu yao macho ya mtazamaji yangepaswa kukaa muda mrefu zaidi.

Wa kwanza ni Oscar. Waingereza humwita kwa neno moja tu litumikalo kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama, hata msomaji wao aweza kufika mwisho asijali ni yupi. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Oscar ni ndugu wa kiume wa Hester, basi ni mjomba. Na neno hilo likiisha kuandikwa, deni lake kwa mtoto limekwisha kuandikwa pamoja nalo. Mjomba ndiye aendewaye baba akishindwa. Mbele ya mjomba mtoto husema asiloweza kulisema nyumbani. Naye Paul alikwenda kwake kama ipasavyo, akamfungulia siri yote. Mjomba alifanya nini? Mwanzoni alicheka, akadhani ni utoto. Akamchukua mtoto uwanjani kumjaribu. Alipoona kwamba jina lililotajwa limeshinda, hakuuliza mtoto huyu hulijuaje, wala kwa nini macho yake yanawaka namna ile, wala halali kwa nini. Aliingia naye katika ushirika. Ronald Squire anaicheza sehemu hii kwa upole mwingi na ucheshi wa mzee aliyekula vizuri maisha yake yote, na ni upole huo unaotisha. Hakuna mahali ambapo mjomba huyu anapandisha sauti. Anampenda mtoto, hapana shaka. Anampenda kama mtu anavyoupenda mti wa matunda ulio katika shamba la dada yake.

Wa pili ni Bassett, mtumishi, ndiye anayechezwa na John Mills. Lawrence alimfanya mtunza bustani aliyeumizwa mguu vitani, ambaye zamani alikuwa askari mtumishi wa Oscar jeshini na ambaye kazi ya bustani aliipata kwa msaada wake. Katika picha ni mtu anayewajua farasi kwa mwili wake. Yeye ndiye anayemwonyesha Paul namna mpanda farasi wa mashindano anavyoinama, anavyokunja magoti, anavyoushika mjeledi. Huyu ni mtu mwema. Hakuiba hata senti. Fedha za mtoto alizihifadhi zikiwa zimefungiwa, akatoa hesabu kamili kila alipoulizwa, na neno la siri alilolitoa kwa mtoto alilitunza mpaka aliporuhusiwa kulifungua. Katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye anayezungumza na Paul kama mtu na mtu. Mills amemchezea kwa unyenyekevu, bila ya kumdhihaki, wala hakumfanya kuwa mjinga. Na kwa kufanya hivyo ameiweka mbele ya mtazamaji taabu ambayo mtu mbaya asingaliweza kuiweka. Kwa maana ikiwa mwema huyu, aliye mwaminifu hivi, ameshiriki kumpeleka mtoto kaburini, basi uaminifu peke yake wafaa nini? Alikuwa mwaminifu kwa daftari. Alimtii mtoto kama alivyomtii ofisa wake, na mtoto hakuwa na haja ya askari. Alikuwa na haja ya mtu mzima wa kumnyima.

Haifai kumhukumu Bassett bila ya kuikumbuka sheria aliyoishi chini yake. Tangu mwaka 1906 ilikuwa kosa katika Uingereza kupokea madau barabarani. Bwana mwenye hesabu yake kwa mpokea madau aliweza kuweka dau kwa barua au kwa simu, akalipa baadaye, na hapana askari aliyemgusa; mfanyi kazi mwenye shilingi mbili mkononi alizipenyeza kwa siri kwa mtu aliyesimama pembeni ya njia, macho yakitazama huku na huku. Ni sheria ya mwaka 1960 iliyofungua maduka ya kuwekea madau, na maduka yenyewe yalifunguliwa mwaka 1961. Mtu wa daraja la Bassett, kwa hiyo, alilelewa katika kujua kwamba dau ni jambo la kunong'ona. Siri ya mtoto haikumshtua. Kwake siri ndiyo ilikuwa hali ya kawaida ya mchezo. Nyumba ilinong'ona kwa ajili ya fedha, na bustanini walinong'ona kwa ajili ya madau, na mtoto alikuwa katikati.

Majina ya farasi nayo yana habari yake. Katika hadithi yumo Singhalese, yaani mtu wa Seilani. Yumo Mirza, ambayo ni daraja ya heshima ya Waajemi. Na wa mwisho ni Malabar. Jina hilo mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki halihitaji kuelezwa. Ni ile pwani ya India ambayo miti yake ya msaji ilichongewa vyombo vya bahari hii kwa karne nyingi. Lawrence hakusema kwamba ameyachagua kwa makusudi, na yamkini aliyachukua tu kwa sababu farasi wa Kiingereza waliitwa hivyo. Hata hivyo haipotei bure kwamba nyumba ya Kiingereza inapolia kwa ajili ya fedha, majina yanayokuja usiku kuiokoa ni majina ya nchi za mbali zilizokwisha kutoa mali zao.

Mtoto alichezwa na John Howard Davies, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na ambaye mwaka uliotangulia alikuwa Oliver Twist katika picha ya David Lean. Uso wake ni mwembamba, na adabu yake ni ya mtoto aliyefundishwa kutosumbua watu. Desmond Dickinson, mpiga picha aliyekuwa amepiga Hamlet ya Laurence Olivier, amekifanya chumba cha watoto kuwa mahali pa vivuli, na uso wa farasi wa mbao, ulio mzuri mchana, usiku unakuja mkubwa mbele ya macho ukionyesha meno. Mtoto anapembea. Mjeledi unapanda na kushuka. Muziki wa William Alwyn unakwenda mbio pamoja naye. Mtazamaji anajua kwamba hakuna kinachosogea, na moyo wake unakimbia.

Hapa Kiswahili, kilichokwama katika bahati, kinakuwa na nguvu kuliko Kiingereza. Kwa Mswahili mtu humpanda farasi, na pepo humpanda mtu; kitenzi ni kimoja. Aliyepandwa huitwa kiti, na pepo akiisha kukikalia kiti chake husema kwa kinywa chake, hutaja mambo yaliyofichika, hudai vitu. Na wazee wa kazi hiyo hujua kwamba kiti huchoka, kwamba pana wakati wa kumtuliza pepo na kumpa haki yake aondoke, kwa kuwa mwili wa binadamu hauwezi kukaliwa siku zote. Usiku wa mwisho wa Paul ni usiku wa namna hiyo. Ameanza kwa kumpanda farasi. Sasa yeye ndiye anayepandwa. Jina la Malabar linatoka kinywani mwake kwa sauti isiyo yake. Mama amerudi kutoka karamuni kwa sababu moyo umemsumbua, amefungua mlango, amewasha taa, na kwa mara ya kwanza ameiona kazi ambayo mwanawe alikuwa akimfanyia. Ila hapakuwa na mzee wa kazi katika nyumba hiyo. Walikuwako mjomba na mtumishi, na wote wawili walilisikia jina wakaenda kuweka dau.

Mithali yasema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika nyumba ya Hester mithali imepinduliwa: ni mwana aliyechelea kulia kwa mama, akafanya kila alichoweza ili asilie, na akalipa yeye.

Lawrence aliimaliza habari yake hapo hapo kitandani. Mtoto amekufa, na ndugu wa Hester, mbele ya maiti, anafanya hesabu: huku umepata zaidi ya pauni elfu themanini, huku umempoteza mtoto. Kibarua wa shamba wa Uingereza mwaka 1926 alipata yapata shilingi thelathini kwa juma, basi fedha hizo ni ujira wake wa miaka elfu moja. Lawrence hakuongeza neno la mama. Mwisho huo ni mkali kama wembe, na wasomaji wengi wanaona kwamba Pelissier aliutia butu alipoendelea mbele. Yamkini wanakosea. Katika kitabu mtu aliyekwisha kusoma huweza kukaa kimya peke yake; katika senema taa huwashwa na watu huenda zao, na Pelissier hakutaka waende zao na hesabu ya mjomba masikioni kana kwamba ndiyo neno la mwisho.

Basi katika picha Hester anabaki. Fedha zinaletwa kwake, anazikataa. Hataki kuzigusa, kwa kuwa anaiona damu juu yake. Yeye aliyemwendea wakili akazidai elfu tano zote kwa siku moja sasa anaziogopa zile elfu themanini. Anataka jambo moja tu, nalo ni kwamba farasi wa mbao achomwe moto. Anayeagizwa kazi hiyo ni Bassett. Hakuna mwingine wa kuagizwa. Anamchukua farasi nje, na mikono ile ile iliyomwonyesha mtoto namna ya kushika hatamu inamtia farasi katika moto. Mbao zinashika. Mtumishi anasimama kando akitazama, kama alivyosimama siku zote, akingoja mpaka kazi aliyopewa iishe.